Ya kutoka nayo kila siku: simu, kamera ya mfukoni, ya kubadili lenzi au ya mkanda wa filamu?

Picha ninazozizungumzia hapa hazipangwi. Umetoka kwenda kazini, kumsindikiza mgeni, au umepanda basi kwenda mji wa jirani na kurudi siku ileile. Njiani jua linapiga ukuta kwa mshazari, kivuli cha mwendesha baiskeli kinapita juu yake, mzee anachungulia dirishani. Tukio lenyewe hudumu sekunde mbili au tatu, na halirudi hata ukisimama pale saa nzima.

Kwa picha za namna hii, maswali ya kuchagulia kamera hubadilika mpangilio. Matangazo huanza na megapikseli. Mimi naanza na mkono. Kifaa unacho, au umekiacha nyumbani? Kinachukua muda gani tangu jicho lione hadi picha ipigwe? Baada ya hapo ndipo naangalia kinavyouweza mwanga hafifu na mwendo, upana kinaouona, na mwishowe picha zinaishia wapi. Nimevipitisha vifaa vinne kwenye maswali hayo. Sitavipa nafasi sawa, kwa sababu kwa watu wengi ushindani wa kweli uko kati ya viwili vya kwanza.

Simu

Simu ina ushindi ambao hakuna kamera itakayoupokonya: ipo. Hukuibeba kwa ajili ya picha, kwa hiyo hata siku usiyotarajia kuona chochote unayo. Ushindi wake wa pili haujulikani sana. Programu ya kamera ikishafunguka, simu nyingi za sasa huanza kunasa fremu mfululizo na kuziweka kwa muda mfupi kabla hujagusa kitufe. Unapobonyeza, simu huchukua fremu za wakati uleule, au zilizotangulia kidogo, na kuziunganisha. Kile kuchelewa kati ya kubonyeza na kupiga, kulikowatesa watumiaji wa kamera ndogo za dijitali miaka ya 2000, kumekwisha kabisa mwanga ukiwa wa kutosha.

Kinachochelewa sasa ni mkono. Kutoa simu, kuifungua, kutafuta alama ya kamera: huko ndiko picha zinakopotelea. Kwenye simu nyingi za Android, kubonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili hufungua kamera hata simu ikiwa imefungwa. Kwenye iPhone unatelezesha kidole kuelekea kushoto kwenye kioo cha mwanzo, na tangu 2024 matoleo kadhaa yana kitufe maalumu cha kamera. Kitufe cha sauti nacho hupiga picha kwenye simu nyingi, na nakipendelea kuliko kugusa kioo kwa sababu kidole hukipata bila kusaidiwa na macho. Mtu aliyezizoea njia hizi humtangulia mwenye kamera nzuri iliyofungiwa ndani ya begi, na humtangulia kila siku.

Upande wa rangi na vivuli ndipo simu inapohitaji kudhibitiwa. Imetengenezwa iokoe kila kona ya picha. Ukuta wenye nusu ya jua na nusu ya giza, ambao wewe uliupenda kwa ajili ya lile giza, hutoka umeng'aa kotekote, kwa sababu simu imeunganisha fremu kadhaa na kuvinyanyua vivuli. Dawa yake ni ndogo: gusa sehemu yenye jua, shikilia kidole hadi kipimo cha mwanga kijifunge, kisha teremsha mwanga hadi giza lirudi kuwa giza. Ukiweza, tumia programu inayohifadhi faili ghafi za RAW, kwani hizo hazijapitia ung'arishaji mwingi na utaamua mwenyewe baadaye.

Udhaifu wa kwanza wa simu ni upana. Lenzi yake kuu kwa kawaida huona sawa na milimita 24 hadi 26 za kamera ya mkanda, yaani pana sana (namba ikiwa ndogo, lenzi huona pana zaidi). Ukisimama upande mmoja wa barabara, mtu wa upande wa pili anakuwa kijidoa katikati ya lami. Ukivuta kwa vidole viwili unakata tu katikati ya picha, isipokuwa simu iwe na lenzi ya pili ya kuvuta. Simu zenye kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa mkanda) cha megapikseli 48 zina nafuu hapo: zikikata katikati kwa kiwango cha mara mbili bado hubaki na megapikseli 12, na picha hiyo inafaa kuchapishwa. Kwa matembezi ya kawaida ningeiacha simu kama hiyo kwenye mara mbili, na kurudi kwenye upana wote pale tu nafasi inapobana.

Udhaifu wa pili ni kioo chenyewe. Juani hakionekani vizuri, na unapiga kwa kukisia. Tena kioo hichohicho huleta ujumbe. Umetoa simu upige picha ya kivuli, umekutana na swali la kazini, umeinua macho na kivuli hakipo. Jambo hili nalipa uzito kuliko ukubwa wa kihisi, maana upigaji wa njiani ni kazi ya macho, na macho yaliyozama kwenye kioo hayaioni barabara. Zima arifa unapotoka. Kama huwezi kuzizima kwa sababu ya kazi au familia, hiyo ni sababu halali kabisa ya kuwa na kamera isiyopokea ujumbe wa mtu yeyote.

Kamera ya mfukoni

Hapa sisemi kamera ndogo za zamani zenye kihisi kidogo kama cha simu. Hizo simu imeshazipita. Nasema zile zilizoficha kihisi kikubwa ndani ya umbo dogo. Ukubwa wa kihisi una maana. Kihisi kikuu cha simu nzuri kina eneo la karibu milimita za mraba 70. Kile cha aina ya APS-C, chenye milimita 23.5 kwa 15.6, kina takriban 366. Hiyo ni zaidi ya mara tano, na tofauti huonekana jua linapozama.

Mfano ulio wazi zaidi ni Ricoh GR III ya 2019. Ina kihisi cha APS-C cha megapikseli 24 na lenzi moja isiyobadilika inayoona sawa na milimita 28. Ikiwa na betri na kadi ndani yake ina uzito wa gramu 257, na inaingia mfuko wa suruali. Ndugu yake, GR IIIx ya 2021, inaona sawa na milimita 40. Kampuni imeendelea na mfululizo huo, lakini sababu ya mimi kuitaja ni moja, nayo ni namna inavyofokasi, yaani inavyoweka umbali ambao picha itatoka kali.

Kamera nyingi, ukibonyeza, hutafuta kwanza fokasi. Muda huo ni mdogo, lakini kwa mtu anayepita mbele yako unatosha kumkosa. GR hukuruhusu upange umbali mapema, tuseme mita 2, na ukikandamiza kitufe moja kwa moja hadi chini, inapiga pale pale bila kutafuta chochote. Hesabu yake ni hii: kwa lenzi yake yenye urefu halisi wa milimita 18.3, tundu linalopitisha mwanga likiwa f/8 na umbali ukiwa mita 2 na kidogo, kila kitu kuanzia karibu mita 1 hadi upeo wa macho kinatoka kikiwa kikali vya kutosha. Mchana huna haja ya kufikiria fokasi tena. Unaona, mkono unatoka mfukoni, picha imepigwa. Kamera nyingine zenye fokasi ya mkono zinaweza jambo hilohilo, ila kwenye GR kipo tayari chini ya kidole kilekile.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Betri ya GR III imekadiriwa kupiga picha 200 hivi, kwa hiyo betri ya pili si anasa. Haina dirisha la kuchungulia, ni kioo tu, kama simu. Haijazibwa dhidi ya maji na vumbi, na lenzi inayotoka na kuingia inaweza kuvuta vumbi hadi kwenye kihisi, hasa ikikaa mfuko wenye nyuzinyuzi. Mwenye kuipeleka kila siku mahali pa vumbi aitafutie kifuko chembamba.

Fujifilm X100VI ya 2024 inakwenda njia nyingine. Lenzi yake ya milimita 23 yenye tundu la f/2 inaona sawa na milimita 35, kihisi ni APS-C cha megapikseli 40, na ina dirisha la kuchungulia unaloweza kulibadili kati ya kioo cha kawaida, cha kuona moja kwa moja, na kioo cha elektroniki. Unapotumia kile cha kawaida unaona hata vilivyo nje ya fremu, kwa hiyo unamwona mtu akija kabla hajaingia kwenye picha. Hilo ni jambo kubwa njiani, na hakuna simu inayolitoa kwa namna hiyo. Lakini ina gramu 521. Haikai mfukoni mwa suruali, inaning'inia begani au shingoni, na mara inapoanza kuning'inia unaanza kujiuliza asubuhi kama uichukue au uiache. Siku utakapoiacha ndiyo siku simu itakapokuwa bora kuliko yenyewe.

Ya tatu katika kundi hili ni Sony RX100, iliyoanza 2012. Toleo la saba, la 2019, lina gramu 302 na lenzi inayovuta kutoka milimita 24 hadi 200. Kihisi chake cha inchi moja kina milimita za mraba 116 hivi, yaani chini ya theluthi ya APS-C. Kwa safari fupi ambayo hujui utakutana na nini, ni kamera yenye uwezo mwingi sana katika umbo hilo. Kwa mtaa unaoupita kila siku siipendekezi sana, kwa sababu kila ukiitoa inakulazimu uamue uvute kiasi gani, na uamuzi huo unakula sekunde zilezile mbili.

Jioni, ukaribu na mvua

Simu na kamera ya mfukoni zikiwa juani, picha zake ukizitazama kwenye kioo kidogo hutazitofautisha kwa urahisi. Zinatengana kwenye mambo matatu.

La kwanza ni mwendo ndani ya mwanga hafifu. Mtu anayetembea kwa kawaida huenda karibu mita 1.4 kwa sekunde. Shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga, ikiwa wazi kwa 1/30 ya sekunde, anasogea karibu sentimita 5, na uso wake unafutika. Ikiwa 1/250 anasogea nusu sentimita hivi, na mwili unabaki na umbo lake. Mwendesha baiskeli wa mita 5 kwa sekunde husogea sentimita 17 kwa 1/30, kwa hiyo hana nafasi kabisa. Simu jioni hushuka kwenye muda mrefu, kisha hujaribu kuokoa picha kwa kuunganisha fremu nyingi. Kwa jengo lililosimama, matokeo ni mazuri mno, pengine mazuri kuliko ya kamera iliyoshikwa kwa mkono. Kwa mtu anayetembea matokeo hukatisha tamaa: nguo zimelainika, mikono imejirudia, uso ni kama umechorwa. Kamera yenye kihisi kikubwa unaweza kuiamuru isishuke chini ya 1/250, iongeze ISO (usikivu wake kwa mwanga) kadiri inavyotaka, na ukubali chembechembe. Chembechembe hazijawahi kuharibu picha ya njiani iliyo nzuri. Uso uliofutika bila wewe kutaka huiharibu.

Zingatia pia kuwa vitulizi vya mtikisiko vilivyomo kwenye GR III, X100VI na simu nyingi hutuliza mkono wako, havimtulizi mpita njia. Watu wengi hununua kamera kwa ajili ya sifa hiyo wakidhani itawaondolea ukungu wa mwendo, na haiwezi.

La pili ni ukaribu. Simu hujitahidi kutengeneza ukungu wa nyuma kwa hesabu, na hukosea kwenye nywele, miwani na majani. Mwenye kupenda uso au ua lililojitenga na kilicho nyuma yake atafurahia X100VI kwenye f/2. Kwangu hili halina uzito mkubwa njiani, kwa kuwa picha nyingi za matembezi zinahitaji mandhari iliyo nyuma isomeke.

La tatu ni mvua, na hapo simu inashinda bila ubishi. Simu nyingi za daraja la juu zimezibwa dhidi ya vumbi na maji kwa kiwango cha IP68. GR III haijazibwa. X100VI huhimili manyunyu ukishaiongezea pete na kichujio mbele ya lenzi, si kabla. Mvua hutoa picha nzuri kuliko jua la saa sita, kwa hiyo mwenye kamera asiyetaka kuzikosa atoke na zote mbili.

Upana kwanza, kamera baadaye

Kabla ya kuchagua kifaa, chagua upana. Watu hufanya kinyume, halafu hukaa mwaka mzima wakilaumu kamera. Chukua mfano wa kitu kilicho mita 3 mbele yako, na kamera imeshikwa kwa mlalo. Lenzi ya milimita 28 inachukua karibu mita 3.9 za upana mahali pale. Ya 35 inachukua mita 3.1, ya 40 mita 2.7, na ya 50 mita 2.2. Tofauti kati ya 28 na 50 ni kati ya kuonyesha kundi zima la watu barazani na kuonyesha wawili wanaozungumza.

Garry Winogrand, mpiga picha wa Marekani, alifanya kazi yake nyingi ya mitaani kwa milimita 28, akiingia kabisa katikati ya watu. Henri Cartier-Bresson, wa Ufaransa, alishikamana na 50. Hakuna aliyekosea, ila walisimama mahali tofauti. Ya 28 inakutaka uwe karibu, na usipokuwa karibu picha inakuwa tupu. Ya 50 inakuruhusu usimame nyuma, lakini kwenye kichochoro chembamba itakunyima nafasi. Ya 35 na 40 ndizo zinazosamehe zaidi, na kwa mtu anayeanza ningependekeza 40 bila kusita.

Njia ya kujua upana wako haihitaji kununua chochote. Fungua picha za zamani kwenye simu yako, zile ulizozipenda, uangalie umezikata kiasi gani. Kama karibu zote umezikata hadi nusu ya upana, unaona kwa 50. Kama huzikati kabisa, tena mara nyingi unarudi nyuma hatua moja, 28 ni yako.

Kamera ya kubadili lenzi

Kundi hili linasifiwa kwa uwezo wake wa kufanya kila kitu, na njiani uwezo huo ndio mzigo. Lenzi tatu maana yake ni begi. Begi maana yake umeanza safari ya kupiga picha, wakati sisi tunazungumzia picha zinazokuja zenyewe ukiwa kwenye shughuli nyingine.

Lakini ipo namna ya kuifanya ifae: mwili mdogo na lenzi moja bapa, basi. Mfumo wa Micro Four Thirds, uliotangazwa 2008 na Olympus pamoja na Panasonic, ulifungua njia hiyo. Lenzi ya Panasonic ya milimita 20 yenye tundu la f/1.7, ambayo kwenye mfumo huo inaona sawa na 40, ina gramu 87 katika toleo lake la pili. Kwa kamera zenye kihisi kikubwa kamili, sawa na fremu ya mkanda wa milimita 35, 2023 zilitoka Canon RF ya milimita 28 f/2.8 yenye gramu 120 na Nikon Z ya milimita 26 f/2.8 yenye gramu 125. Mwenye kamera ya mfumo wowote kati ya hii angetafuta kwanza lenzi ya aina hiyo kabla ya kununua kamera nyingine nzima. Kamera iliyokuwa ikikaa kabatini kwa ajili ya harusi na sherehe hugeuka kuwa ya kutoka nayo, hasa ya safari fupi ambako tayari umebeba kibegi cha maji na koti.

Sababu nyingine ya kuichagua ni kuona kwa mbali. Ndege wa bustanini, watoto uwanjani, mtu juu ya paa: haya simu haiyawezi vizuri, na GR haiyawezi kabisa. Na lenzi ndefu haiko kwa ajili ya wanyama tu. Mpiga picha Saul Leiter, aliyefariki 2013, aliishi mtaa uleule wa New York kwa zaidi ya miaka 50 na picha zake nyingi alizipiga karibu na kwake, mara kwa mara kwa lenzi ndefu, kupitia vioo vyenye ukungu, mvua na theluji. Lenzi ndefu ilimwezesha kuchukua kipande kimoja cha mwavuli au mkono mmoja na kuacha mtaa wote ubaki kuwa rangi. Ukitazama njia yako ya kila siku na kuvutiwa na vipande kama hivyo kuliko mandhari nzima, ushauri wangu wote wa hapo juu kuhusu 28 na 40 haukuhusu. Tafuta lenzi ndogo ya kati ya 75 na 100 uning'inize kamera begani.

Kamera ya mkanda

Ndiyo mama wa upigaji huu. Leica iliyoanza kuuzwa 1925 ilitumia mkanda wa sinema wa milimita 35 ndani ya kasha dogo, na ilimrahisishia sana mpiga picha kutembea na kamera inayoenea kiganjani badala ya kuisimamisha juu ya miguu mitatu. Leo mkanda wa 135, ambao ndio huo wa milimita 35, bado unatoa picha 36, na ISO ni moja tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiweka ya 400 umekwisha chagua mwanga wako kwa siku kadhaa.

Uzuri wake ni kwamba unatazama zaidi kabla ya kupiga, na haukupi kioo cha kuangalia ulichopiga, kwa hiyo macho yanarudi njiani mara moja. Ubaya wake ni kila kinachofuata: kusafisha picha, kusubiri, na gharama inayoongezeka kila unapobonyeza. Winogrand alipofariki 1984 aliacha zaidi ya mikanda 2,500 ambayo haijasafishwa. Hiyo ni karibu picha 90,000 ambazo yeye mwenyewe hakuziona kamwe. Anayechagua mkanda ajue kwanza ataisafishia wapi na kila baada ya muda gani. Kama anataka matumizi ya chini kidogo, Pentax 17 ya 2024 hugawa kila fremu mara mbili na kutoa picha 72 hivi kwa mkanda mmoja, tena fremu yake ya kawaida imesimama wima kama ya simu. Kwa safari za ndege, omba mkanda ukaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za uwanja wa ndege zinazopiga picha kwa tabaka huweza kuuharibu mkanda ambao haujasafishwa.

Watu walio ndani ya picha

Kifaa hubadilisha namna watu wanavyokupokea. Kamera kubwa yenye lenzi ndefu hutangaza kuwa unafanya kazi, na mtu huanza kujiuliza picha inakwenda wapi. Kamera ndogo humtia mashaka kidogo tu. Simu haionekani, lakini ikionekana hukasirisha zaidi kuliko zote, kwa sababu kila mtu anajua kuwa picha ya simu inaweza kuwa mtandaoni kabla hajamaliza kuvuka barabara. Mtu akinitazama baada ya kupiga, napenda kumwonyesha picha na kuifuta akitaka. Kwa watoto nauliza kwanza, kwa mzazi au mlezi. Sheria nazo hutofautiana sana: Ujerumani ina sheria ya tangu 1907 inayodai ridhaa ya mtu kabla ya picha yake kusambazwa, ingawa ina misamaha yake, na mahali pengine kilichopo hadharani kiko huru kupigwa. Isome ya unakokwenda, hata kwa safari ya siku moja.

Sauti nayo ihesabiwe. GR na X100 zina shata iliyo ndani ya lenzi, ambayo ukishazima milio ya bandia haisikiki hatua mbili kutoka ulipo. Simu nyingi unaweza kuzinyamazisha, lakini nyingi ya zinazouzwa Japani na Korea Kusini hulia kila unapopiga. Shata ya elektroniki kwenye kamera za kubadili lenzi iko kimya kabisa, ila inaweza kupinda gari linalopita kwa kasi na kuacha mistari chini ya taa za LED. Ndani ya majengo na vituo vya treni tumia shata ya kawaida.

Ningechagua ipi

Kama bado hupigi picha kwa simu yako karibu kila siku, usinunue kamera. Jifunze njia ya mkato ya kufungua kamera, teremsha mwanga, zima arifa, na utembee hivyo kwa miezi michache. Malalamiko utakayokuwa nayo mwishoni ndiyo yatakayokuchagulia.

Malalamiko yakiwa ni jioni, mwendo na ujumbe unaokatiza, chukua kamera ya mfukoni yenye APS-C: GR ya 28 kama hukati picha zako, ya 40 kama unazikata. Hii ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zaidi, kwa sababu ni kamera pekee kati ya zote nilizozitaja inayotoka nyumbani bila kuombwa, kama simu, na bado inasimamisha mtu anayetembea baada ya jua kuzama. Yakiwa ni kutoona kioo juani, au unavaa miwani ya kusomea na kioo cha karibu kinakusumbua, chukua X100VI, na ukubali kuibeba begani. Yakiwa ni umbali, chukua kamera ya kubadili lenzi, na lenzi moja tu. Yakiwa ni kwamba unapiga mno na hutazami, jaribu mkanda, ila uazime kamera kwanza.

Kitu cha mwisho cha kuamua ni picha zinakwenda wapi usiku. Za simu huhifadhiwa zenyewe lakini huchanganyika na risiti na picha za vioo vya mazungumzo. Fungua albamu moja na uhamishie humo zile unazozipenda kila jioni, kabla hujalala. Za kamera hubaki kwenye kadi na husahaulika kwa wiki nzima. GR III na X100VI zote huweza kuzirusha kwa simu bila waya, kwa hiyo panga wakati maalumu, tuseme ukiwa kwenye basi la kurudi, uchague tatu au nne na uzihamishe. Mwenye kujua hatafanya hivyo hata mara moja kwa wiki abaki na simu, maana kwake picha ya kamera haitafika popote.